London Wakati wa Majani Kupukutika

Mwezi wa Oktoba uingiapo, mkulima wa Ukambani hutazama mawingu akingojea mvua za vuli. Katika mji wa London mwezi huo huo ni mlango wa baridi. Majani ya miti iliyopandwa kandokando ya barabara hugeuka rangi ya dhahabu, kisha hupukutika na kuijaza njia. Watu hutoa makoti mazito sandukuni. Mwanzoni mwa Novemba jua hutua yapata saa kumi na nusu za alasiri, na karani atokapo afisini hukuta giza limekwisha kutanda. Mgeni angedhani ya kuwa mji wote hujifungia ndani na kulala. Sivyo hata kidogo. Huu ndio msimu ambao maonyesho ya uchoraji, uchongaji na ufinyanzi huwa mengi kabisa, na watu huyaendea kama waendavyo gulioni.

Jambo la kwanza aulizalo msafiri mwenye fedha chache ni kiingilio. Jibu lake ni kwamba London ina milango ya namna mbili, na yafaa aitambue yote miwili kabla ya kutoka nyumbani.

Msimu hufunguliwa mwezi wa Septemba kwa sikukuu iitwayo Open House, ambayo ilianza mwaka 1992. Katika siku hizo nyumba nyingi zilizofungwa mwaka mzima huachwa wazi: majumba ya serikali, maafisi makubwa, mahali pa ibada, na hata nyumba za watu binafsi ambazo zilijengwa kwa ufundi wa pekee. Hakuna malipo. Nyumba nyingine humtaka mtu aandikishe jina mapema, na asiyejiandikisha hurudi alikotoka.

Oktoba ufikapo, mahema makubwa husimamishwa katika bustani ya Regent's Park kwa ajili ya soko la sanaa liitwalo Frieze, lililoanza mwaka 2003. Huko matajiri hununua picha kwa bei ya shamba zima. Mtazamaji tu naye hununua tikiti, na tikiti yenyewe si rahisi. Huu ni mlango wa namna ya kwanza.

Siku zizo hizo hufanyika soko jingine, ambalo lamhusu zaidi Mwafrika. Jina lake ni 1-54, maana yake bara moja lenye nchi hamsini na nne. Lilianzishwa mwaka 2013 na Bibi Touria El Glaoui wa Moroko, ambaye baba yake alikuwa mchoraji. Mahali pake ni Somerset House, jumba kubwa la mawe karibu na mto Thames. Msomaji aliye karani atapenda kujua habari za jumba hilo, kwa maana lilianza kujengwa mwaka 1776 ili liwe makao ya makarani wa serikali. Humo ziliwekwa hesabu za manowari, humo zilitunzwa daftari za vizazi, ndoa na vifo, na humo walikaa watoza kodi kwa miaka zaidi ya mia mbili. Makarani wa kodi wa mwisho waliondoka mwezi wa Machi mwaka 2013, na mwezi wa Oktoba wa mwaka ule ule zikatundikwa humo picha za wachoraji wa Afrika. Hapo pia tikiti hulipiwa.

Mlango wa namna ya pili hauko mbali. Kutoka Somerset House mtu avuka daraja, akafuata ukingo wa kusini wa mto kuelekea mashariki, hata afike kwenye jengo la matofali lenye dohani moja ndefu. Lilikuwa mtambo wa kutengeneza umeme, ukafungwa mwaka 1981. Mwezi wa Mei mwaka 2000 lilifunguliwa kuwa nyumba ya sanaa iitwayo Tate Modern. Ukumbi uliokuwa wa mashine una urefu wa mita 155 na kimo cha mita 35, na kuuingia ni bure. Aghalabu kila Oktoba msanii mmoja hupewa ukumbi huo aujaze apendavyo.

Mwaka 2010 Ai Weiwei wa Uchina alitandaza chini mbegu za alizeti zipatazo milioni mia moja. Hazikutoka shambani. Kila moja ilifinyangwa kwa udongo mweupe na kupakwa rangi kwa mkono na mafundi wa mji wa Jingdezhen. Watu waliruhusiwa kuzikanyaga, lakini baada ya siku chache ilionekana ya kuwa vumbi lake laweza kuwadhuru, wakazuiwa. Mwaka 2023 zamu ilikuwa ya El Anatsui, mzaliwa wa Ghana. Yeye alitundika mapazia makubwa mno, ambayo kwa mbali yalimetameta kama nguo za kifalme. Aliyekaribia aliona ya kuwa ni maelfu ya vifuniko vya chupa za pombe, vilivyounganishwa kwa waya.

Mlango huo wa bure haukuwa wazi sikuzote. Makumbusho ya South Kensington, ambayo leo huitwa Victoria and Albert, yalifunguliwa mwaka 1857 na kuwekewa taa za gesi, ili mfanyakazi apate kuyatembelea usiku baada ya kazi. Hata leo siku ya Ijumaa hufungwa saa nne za usiku. Lakini katika miaka ya 1990 mgeni alitozwa fedha mlangoni. Mwishoni mwa mwaka 2001 serikali ilikomesha kiingilio katika makumbusho ya taifa, na idadi ya wageni ikapanda sana.

Yafaa kukumbuka ya kuwa mlango wa bure nao una gharama, na mlipaji wake ni mtoa kodi. Kwa sababu hiyo mwaka 2024 yalizuka tena mabishano iwapo wageni wa ng'ambo watozwe ada. Wenye kutaka ada husema ya kuwa mgeni hatoi kodi Uingereza, basi na alipe. Wapinzani wao hujibu ya kuwa vitu vingi vilivyomo vilitoka katika nchi za wageni hao hao, na ni vigumu kumdai mtu fedha ili aone kazi ya babu yake. Hoja zote mbili zina uzito, na kijana wa Nairobi au Dar es Salaam afikaye London yu katikati ya mabishano hayo, apende asipende.

Tena kazi za Afrika ya Mashariki zilizosifiwa huko si za kale tu. Bibi Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, alikwenda Uingereza mwaka 1971, kisha akajifunza ufinyanzi wa mikono kwa akina mama wa Abuja, Nigeria. Hatumii gurudumu. Huupandisha udongo kwa mikono na kuusugua hata ung'ae, na mitungi yake imewekwa katika British Museum. Bwana Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi wa mwaka 1984, huchora juu ya lubugo, nguo ya gome la mti wa mutuba ambayo Waganda huzikia wafu wao. Bibi Lubaina Himid, aliyezaliwa Unguja mwaka 1954, ametumia mtindo wa kanga katika kazi zake, na mwaka 2017 alishinda tuzo kubwa ya Turner. Alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuipata.

Basi mtungi, gome na kanga, vitu ambavyo wengi huviona kila siku jikoni, msibani na sokoni bila kugeuza shingo, vimesimamishwa mbele ya watu waliotoka mbali kuvitazama. Wazee walisema mcheza kwao hutunzwa. Bwana Armitage ameanza kuutimiza usemi huo, kwa maana mwaka 2020 alianzisha Nairobi nyumba ya kuonyesha na kuhifadhi sanaa za Afrika ya Mashariki. Safari ya London ni ndefu, na nauli yake ni mavuno ya miaka mingi. Lakini mama afinyangaye mitungi yuko gulioni, na kumtazama afanyapo kazi hakudai tikiti.