Swali la Mjomba Kabla ya Kushika Spana

Msomaji, huenda leo jioni utapanda basi au matatu kurudi nyumbani, na huenda hutawaza hata kidogo juu ya gurudumu lililo chini ya kiti chako. Mimi hushindwa. Kila ninapoteremka mlima wa Riat kutoka upande wa Kakamega, pale ziwa linapoanza kuonekana kule chini, mazungumzo ya abiria hunipotea na masikio yangu huenda kwenye breki. Ugonjwa huo niliupata Desemba 1991. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina la kufanya ila kumsaidia mjomba katika kibanda chake cha jua kali karibu na soko la Kibuye, mjini Kisumu.

Kazi ya mjomba ilikuwa moja tu, kuvisha breki za malori na mabasi. Ndani ya gurudumu la gari kubwa mna dramu, nayo ni kama sufuria ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Ndani ya sufuria hiyo mna vyuma viwili vilivyopinda kama mwezi mchanga, ambavyo mafundi huviita viatu. Dereva akikanyaga breki, viatu hutanuka na kuisugua dramu. Lakini chuma hakiachwi kisugue chuma. Kiatu huvishwa kipande kigumu kiitwacho lainingi, nacho hushikiliwa na ribiti za shaba au za aluminiamu.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo ulipo uhai wa abiria. Kichwa cha ribiti hakikai juu ya lainingi, bali huzamishwa ndani ya tundu hadi karibu theluthi mbili ya unene wake. Kikikaa juu mno, lainingi ikilika kidogo tu ribiti huanza kuichora dramu. Tundu likichimbwa mno, sehemu inayobaki chini ya kichwa huwa nyembamba, na siku ya kukanyaga breki kwa ghafla lainingi inaweza kuchomoka ribiti zikabaki. Kisha mkia wa ribiti, ambao uko wazi kama mrija, lazima ukunjwe upande wa pili wa kiatu, ukunjike pande zote kama ua lililochanua. Ukilegea, lainingi itacheza. Ukikazwa kupita kiasi, lainingi itapasuka.

Mashine ya kukunjia mikia hiyo ilikuwa kuukuu. Mjomba aliinunua kwa Mhindi mmoja aliyekuwa akifunga gereji yake, na rangi yake ilikwisha kabla sijazaliwa. Chini ilikuwa na kigingi cha kushikilia kichwa cha ribiti, juu ilikuwa na ncha ya kukunja mkia, na pembeni mkono mrefu wa kuvuta. Juu kabisa palikuwa na bolti ya kupimia ncha ishuke kiasi gani. Hiyo bolti ndiyo iliyoniponza.

Siku hiyo mjomba alikwenda mazishini Bondo, akaniachia viatu vya basi moja la njia ya Kakamega. Lilitakiwa liwe barabarani alfajiri. Nilianza kwa madaha. Kiatu cha kwanza kilipokwisha nikakigeuza, nikaona ribiti nne zimekaza barabara na tatu zinatikisika ukizisukuma kwa bisibisi. Nikasema moyoni, ncha haifiki chini. Nikachukua spana, nikaikaza ile bolti nusu mzunguko. Kiatu cha pili kikatoka na ribiti mbili zilizolegea vilevile, na moja iliyobanwa hata mkia ukachanika. Nikaongeza robo mzunguko. Safari hii nikasikia mlio mdogo, ka! Lainingi mpya ilikuwa imepasuka kutoka tundu hadi ukingoni.

Unajua kijana akiharibu mali ya watu hufanya nini? Nilitafuta gundi.

Mjomba alinikuta nayo mkononi. Hakunipiga, wala hakupaza sauti. Aliketi juu ya tairi, akavua koti la mazishi, akaniuliza, “Okewa, ni zote ni mbaya ama ni baadhi?” Okewa ndivyo Wajaluo wanavyomwita mtoto wa dada. Nikamjibu ni baadhi, nera. Akasema, “Basi kwa nini umegusa bolti? Bolti hairekebishi baadhi. Bolti hurekebisha zote.”

Kama zote zingelegea kwa kiasi kimoja, kosa lingekuwa la kipimo, na kukaza bolti kungekuwa jawabu. Lakini nyingine zikikaza na nyingine zikilegea, kuna kitu ambacho hakitulii mahali pake. Ukiongeza nguvu, zilizolegea hazitapona na zilizo nzuri utazivunja.

Kwanza akairudisha bolti ilipokuwa, kwenye alama aliyoikwaruza miaka mingi nyuma kwa ncha ya tupa. (Mimi sikuwahi kuiona, ingawa nilikuwa naifuta kila jioni.) Akapanga ribiti kumi mezani zikisimama, akachungulia vichwa vyake kwa jicho moja. Zilikuwa na urefu mmoja, kwa hiyo lawama haikuwa yao. Akasafisha kigingi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, maana vumbi la lainingi hushindilia pale na kuinua kichwa cha ribiti kisikalie kitako chake. Akajaribu ribiti moja kwenye kipande cha lainingi chakavu. Bado. Ndipo akaishika ile sehemu ya juu ya mashine kwa mikono miwili na kuitikisa kushoto na kulia, nayo ikacheza kama jino la mtoto.

Pini ya mkono ilikuwa imelika upande mmoja, na tundu lake limekuwa la umbo la yai. Ukivuta mkono ukiwa umesimama wima katikati, ncha ilishuka sawa. Ukivuta kutoka pembeni kwa kuchoka, kama nilivyokuwa nikifanya, ilishuka kimshazari na kukunja mkia upande mmoja tu.

Tulipeleka mkono kwa jirani mwenye mashine ya kukereza chuma. Akalipanua tundu likawa la mviringo tena, akachonga pini nene zaidi. Kufikia hapo saa mbili za usiku zilikuwa zimepita. Utingo wa lile basi akaja, akaviona viatu, akasema vinatosha, tajiri wake ameuza tikiti. Mjomba akamwambia aende akamwite huyo tajiri aje avifunge kwa mkono wake mwenyewe. Yule kijana akanyamaza, akaketi.

Tukang'oa kila ribiti niliyoipiga kwa kutoboa kichwa chake kwa keekee. Mjomba akalipa lainingi iliyopasuka kwa pesa zake. Tukaanza upya kwa mwanga wa karabai, tukitoka katikati ya kiatu kwenda ncha zake, ili lainingi ilale bila kuacha nafasi. Kila kiatu kilipokwisha alijaribu kupenyeza wembe kati ya lainingi na chuma. Usipoingia, aligonga kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Kilichokaza hutoa sauti moja, kavu. Kilicholegea hunong'ona.

Jambo moja hatukulijua, nalo hunisikitisha. Tulikuwa tukipuliza lile vumbi kwa midomo. Lainingi nyingi za wakati huo zilikuwa na asbesto, ambayo vumbi lake huweza kuleta saratani ya mapafu miaka mingi baadaye. Ikiwa una ndugu anayefanya kazi hiyo, mwambie alowanishe vumbi kwa maji na alifute, asilipulize.

Wewe abiria pia una lako. Ukisikia chuma kikisaga chuma kila dereva akanyagapo breki, huenda lainingi imelika hadi kwenye ribiti. Mwambie dereva, hata kama abiria wenzako watakucheka.

Basi lile liliondoka alfajiri. Saa nne asubuhi nikaambiwa nyumbani kwamba mama amekwenda Chavakali kumwona shangazi. Nikauliza amepanda basi gani.

Saa kumi jioni nilikuwa nimesimama Kondele. Lilipoteremka kutoka Mamboleo na kusimama, sikungoja watu washuke. Nilipiga magoti kando ya gurudumu la nyuma, nikanusa, nikasogeza kiganja karibu na dramu. Ilikuwa na joto la kawaida. Nilipoinua kichwa, mama alikuwa amesimama na mkungu wa ndizi, akiniuliza nimepoteza nini chini ya gari la watu.