Mkono Ulipopooza, Akiba ya Michoro Ilinivusha

Mimi ni mchoraji wa ramani za nyumba jijini Dar es Salaam. Nachora kwa AutoCAD, chini ya msanifu majengo aliyesajiliwa ambaye hukagua na kusaini kila kinachotoka mezani kwangu kabla hakijapelekwa manispaa kuombewa kibali cha ujenzi. Mkono wangu wa kulia ndio uliokuwa mtaji wangu. Ulipopooza niliamini kazi imekwisha. Natoa ushuhuda huu kwa sababu haikuisha, na kwa sababu kilichonivusha ni kitu ambacho mchoraji yeyote anaweza kukiandaa leo, akiwa mzima.

Nilikuwa nimepanda bodaboda nikitoka saiti upande wa Mbezi. Gari dogo likatukatia kona, tukaanguka, nami nikaangukia mkono. Mfupa ulio kati ya bega na kiwiko ukavunjika. Mfupa wenyewe ulitibiwa, ukaanza kuunga. Lililonitia hofu lilikuwa jingine: kiganja kilining'inia. Nilikiamuru kiinuke, hakikuinuka. Vidole viliweza kufumba lakini havikuweza kufumbua. Mgongo wa mkono, pale kati ya dole gumba na kidole cha shahada, ukiguswa sihisi kitu.

Daktari alinieleza kwa upole. Kuna mshipa wa fahamu unaopita nyuma ya mfupa ule, umeuzunguka kwa karibu sana, kiasi kwamba mfupa ukivunjika katikati, mshipa nao huweza kuvutwa au kubanwa. Ndio unaoinua kiganja na kunyoosha vidole. Akasema wengi hupona bila upasuaji wa mshipa, ila kupona kwenyewe ni kwa subira, kwa sababu mshipa wa fahamu unapoota upya husogea kama milimita 1 kwa siku.

Mimi ni mtu wa milimita. Kwa skeli ya 1:100, milimita 1 kwenye karatasi ni sentimita 10 za ukuta. Nilitazama kutoka palipovunjika hadi kwenye misuli ya chini ya kiwiko, nikajua nasubiri miezi. Na kodi ya nyumba haikuwa na miezi ya kusubiri, wala ada ya mtoto.

Asiyechora kwa kompyuta anaweza kudhani ni kazi ya mkono mmoja. Mikono yote miwili inafanya kazi muda wote. Wa kulia unashika kipanya, wa kushoto uko kwenye kibodi ukiandika amri fupifupi: L ya mstari, M ya kuhamisha, CO ya kunakili. Sasa wa kushoto ukabaki peke yake. Unaacha kipanya unaandika amri, unaacha kibodi unarudi kwenye kipanya, na kila ukuta unadai safari hiyo. Saa chache tu, bega la kushoto lilikuwa linawaka moto.

Fundi mmoja ambaye tumefanya naye kazi nyingi alinipigia simu kuhusu nyumba aliyokuwa ameniletea niichore. "Dada, wewe pumzika. Kazi tutaitafutia mtu."

Nikamjibu, "Kaka, niachie hiyo moja. Nikishindwa nitakwambia mwenyewe."

Msanifu wangu naye hakuniondoa. Alisogeza meza karibu na dirisha, akaniambia nifanye kadiri ninavyoweza. Kwa hilo namshukuru hadi leo, maana wapo wengi waliovunjika mkono wakapoteza na kiti.

Sasa nieleze kilichonibeba. Katika AutoCAD mchoro mpya kwa kawaida huzaliwa kutoka kwenye kiolezo, faili lenye mkia wa .dwt. Wachoraji wengi huweka humo karatasi ya A3 au A2, fremu yake, na kile kisanduku cha kona ya chini kulia chenye jina la mwenye nyumba, namba ya kiwanja na skeli. Lakini kiolezo kinaweza kubeba zaidi ya hapo. Kinabeba leya, yaani matabaka ya mchoro, na unene wa mistari yake, ukubwa wa maandishi, mtindo wa vipimo, na pia skechi zenyewe: milango, madirisha, sinki, choo, alama ya kaskazini, ngazi. Ukifungua mchoro mpya vyote viko ndani, vinakusubiri.

Nilikuwa tayari na milango na madirisha yangu humo. Wakati nauguza mkono niliamua kuingiza kila kitu ninachokirudia. Na jambo lililonipa moyo ni kwamba sikulazimika kuchora upya. Michoro yangu ya zamani ilikuwa imejaa: mkato wa msingi wenye nondo zake, ringibimu, kenchi na papi, shimo la maji taka na shimo lake la kufyonzea maji. Kwa dirisha liitwalo DesignCenter unaufungua mchoro wa zamani, unaishika skechi na kuivuta hadi kwenye kiolezo. Hiyo ni kazi ambayo mkono mmoja unaiweza. Nilivuta chache asubuhi, nikapumzika, nikavuta nyingine jioni.

Kila skechi niliipa jina fupi, herufi mbili na tarakimu, ili mkono wa kushoto usichoke kuandika. Herufi za mlango zikawa ML, za dirisha DR, za shimo SH. Kila moja niliichagulia nukta ya kushikia. Mlango unashikiwa kwenye bawaba. Ukiuleta kwenye kona ya tundu la ukuta unakaa papo hapo, huusogezi tena. Tangu toleo la AutoCAD 2006 skechi moja huweza kubadilika yenyewe: mlango ule ule, unachagua upana wa milimita 700, 800 au 900 kwenye orodha nao unajinyoosha. Kwa mtu mzima hizo ni sekunde chache alizookoa. Kwangu kila mbofyo ulioepukwa ulikuwa maumivu yaliyopungua.

Kazi ile ya fundi ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu. Kuta nilizichora mwenyewe, polepole, kwa sababu kuta ndizo nyumba ya mtu yule na si ya mwingine. Milango na madirisha yaliingia kutoka kwenye kiolezo. Michoro ya msingi, paa na maji taka nayo ilikuwepo tayari, nikarekebisha vipimo. Kisanduku cha kona kiliniuliza jina na namba ya kiwanja, nikajaza. Msanifu alikagua, akanirudishia masahihisho ya ngazi na mwinuko wa kiwanja, nikasahihisha, akasaini. Fundi alipokuja kuchukua karatasi zake alizikunjua zote juu ya meza, akapitisha kidole kwenye vipimo kimoja kimoja, kisha akasema, "Dada, hii ni ile ile ya siku zote." Malipo yale yalikwenda kwenye kodi.

Usiku, maumivu yaliponinyima usingizi, nilisoma habari za chimbuko la kazi yetu. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, akiwa mwanafunzi wa MIT nchini Marekani, alitoa tasnifu kuhusu programu yake ya Sketchpad, iliyoendeshwa kwenye kompyuta ya TX-2. Alichora kwa kalamu ya mwanga juu ya kioo, mkono wa pili ukibonyeza vitufe. Ndani ya programu ile mchoro mama uliweza kuzaa nakala nyingi, na ukiubadilisha mama, nakala zote zinafuata. Habari ile ilinifariji sana. Nilikuwa nikiona aibu moyoni, kana kwamba mchoro ulioanzia kwenye skechi ya akiba ni nusu mchoro. Kumbe tangu mwanzo kabisa kompyuta ilipewa mchoraji ili nguvu zake zisiishie kwenye kurudia, zibaki kwa yale yanayotaka akili.

Na akili bado inatakiwa. Kiolezo hakijui kiwanja. Shimo la maji taka lililofaa kwenye mteremko wa Mbezi haliwezi kuhamishiwa jinsi lilivyo sehemu za Kigamboni ambako maji ya ardhini yako juu, tena mchanga hausimami. Idadi ya watu watakaoishi kwenye nyumba nayo hubadilisha ukubwa wa shimo. Kwa hiyo kwenye kila skechi ya undani niliandika kando mambo ya kuhakikisha kabla ya kuitumia: udongo, maji, idadi ya watu. Maandishi hayo yako kwenye leya ya Defpoints, ambayo inaonekana kwenye kioo lakini haichapishwi. Skechi zenyewe nimezipanga ndani ya kiolezo, nje ya fremu, kwa sababu amri ya PURGE hufuta zile zilizohifadhiwa bila kuwekwa popote. Na kiolezo nakiweka sehemu mbili, kwenye kompyuta na kwenye flashi inayokaa nyumbani.

Mkono ulirudi kwa hatua, polepole kama daktari alivyosema. Kiganja ndicho kilichotangulia kuinuka, kidogo, kikitetemeka. Vidole vikafuata. Dole gumba lilikuja mwisho. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo hakuniruhusu kukata tamaa hata siku nilizomwambia kwamba hakuna kinachobadilika. Aliendelea kunyoosha vidole vyangu kimoja kimoja ili viungo visikauke wakati mshipa uko njiani. Namshukuru Mungu, na namshukuru yeye.

Leo kipanya kimerudi mkono wa kulia. Kiolezo sijakiacha. Wahenga walisema akiba haiozi, nami nimeila akiba hiyo wakati sikuwa na kingine cha kula. Kwa mchoraji mwenzangu mwenye mikono mizima nasema hivi: fungua mchoro wako bora kuliko yote, toa humo unachokichora kila wiki, kipe jina, kiweke kwenye kiolezo. Usingoje ajali. Na kwa mwenye ofisi: mfanyakazi akiumia, muulize anaweza nini kabla hujamtafutia mtu wa kumrithi.

Vijana wanaokuja kwetu kujifunza, siku ya kwanza nawapa kiolezo kile chote bila kuficha kitu. Kisha namtaka kila mmoja aongeze skechi yake, kwa jina sahihi, leya sahihi na nukta sahihi ya kushikia, ili siku akishindwa kufika kazini mwenzake akalie kiti chake na nyumba ya mteja iendelee kujengwa.