Sufu ya Shetland na Ratiba ya Mwanafunzi

Aberdeen ni mji wa bandari ulioko kaskazini-mashariki mwa Uskoti. Chuo Kikuu chake kilianzishwa mwaka 1495, na hupokea wanafunzi kutoka pembe nyingi za dunia, Afrika Mashariki ikiwemo. Katika bandari ya mji huo hung'oa nanga, karibu kila jioni, meli ya abiria iendayo Lerwick, mji mkuu wa visiwa vya Shetland. Huko, mwishoni mwa Septemba na mwanzoni mwa Oktoba, hufanyika Wiki ya Sufu, tamasha la wafumaji lililoanza mwaka 2010. Kijana aliyelelewa katika nyumba za askari, akamwona mama yake akifuma sweta ili kuongeza pato la nyumbani, hawezi kusikia habari hiyo bila kutamani kwenda. Tatizo ni kwamba Septemba ndio mwezi wa kuanza masomo, na mshika mbili moja humponyoka.

Jambo la kwanza, basi, ni kalenda. Tamasha huitwa wiki, lakini huchukua siku tisa, kuanzia Jumamosi hadi Jumapili ya juma la pili. Kwa hiyo hugusa siku za mapumziko mara mbili, na mwanafunzi aweza kuchagua zile zisizogongana na mtihani wala kazi ya darasani. Akipanda meli Ijumaa saa moja jioni, hufika Lerwick Jumamosi mnamo saa moja na nusu asubuhi. Akirudi Jumapili jioni, huwa Aberdeen alfajiri ya Jumatatu. Baadhi ya safari hupitia visiwa vya Orkney, nazo huchukua muda mrefu zaidi. Bahari ya kaskazini ni kali, na upepo waweza kuichelewesha meli. Mwenye mtihani wa Jumatatu asubuhi heri asubiri mwaka mwingine.

Jambo la pili ni fedha. Kiti cha kulalia melini ni nafuu kuliko chumba, na usiku miwili baharini hupunguza gharama ya kulala hotelini. Lakini nafasi ya kulala mjini kwa usiku wa Jumamosi yafaa itafutwe miezi kadhaa kabla, kwani Lerwick ni mji mdogo wenye watu wapatao 7,000 tu, na wageni wa tamasha ni wengi. Madarasa ya ufumaji hulipiwa, na nafasi zake huisha upesi. Hata hivyo, Jumba la Makumbusho la Shetland halitozi kiingilio, na humo mgeni huona mengi.

Jambo la tatu ni sheria. Mwanafunzi mgeni aliyeko Uingereza kwa kibali cha masomo haruhusiwi kujiajiri wala kufanya biashara yake mwenyewe. Asichukue mikeka na vikapu vya nyumbani kwa nia ya kuviuza huko. Zawadi kwa mwenyeji si kosa; biashara ni kosa, nayo yaweza kumkatishia masomo.

Akishafika, ataona nini? Kondoo wa Shetland ni wadogo, lakini sufu yao ni laini, na huota kwa rangi za asili: nyeupe, nyeusi, kijivu na kahawia. Kisiwa kidogo cha Fair Isle, chenye wakazi wachache wasiofika mia moja, kimetoa jina kwa ufumaji wa mapambo unaojulikana duniani kote. Katika mstari mmoja mfumaji hutumia rangi mbili tu. Uzi usiotumika hupitishwa nyuma, na hivyo vazi huwa kama la tabaka mbili. Askari aliyewahi kushika lindo usiku wa baridi ataelewa faida yake. Katika kisiwa cha Unst wanawake walifuma shali nyembamba mno, hata ikaweza kupitishwa ndani ya pete ya ndoa.

Mgeni ataona pia mshipi wa ngozi wenye matundu, ambao mfumaji hujifunga kiunoni na kuchomeka ncha ya sindano. Kwa mshipi huo mwanamke wa zamani alifuma huku akitembea, mgongoni akiwa na tenga la udongo mweusi wa kinamasi, uliokaushwa ili uchomwe kama kuni. Mikono haikupumzika hata njiani.

Lakini malipo yake yalikuwa haba. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wengi wa Shetland waliwalipa wafumaji kwa chai, sukari na nguo badala ya fedha taslimu, na aliyepanga thamani ni mwenye duka. Mwanamke aliweza kufuma msimu mzima bila kushika senti mkononi. Mwaka 1872 tume ya serikali ya Uingereza ilisikiliza ushahidi wa wananchi kuhusu dhuluma hiyo, na maneno yao yamehifadhiwa.

Katika miaka ya 1970 mafuta ya petroli yalileta kazi zenye mishahara mizuri, na wengi wakaweka sindano chini. Mwaka 2010, mwaka ule ule tamasha lilipoanza, halmashauri ya visiwa iliamua kukomesha mafunzo ya ufumaji katika shule za msingi. Baadaye watu wa kujitolea walianzisha vikundi vya kuwafundisha watoto, ili ujuzi usife pamoja na wazee.

Hapo ndipo ilipo faida ya safari hiyo ya siku mbili. Mwanafunzi wa uchumi, wa kilimo au wa ualimu atajifunza jinsi jina la kisiwa kidogo lilivyoipatia bei kazi ya mikono, na jinsi mfumaji asiyejua bei alivyonyonywa. Mzazi anayemwandaa mwanawe kwenda ng'ambo na amshauri apange mapema: darasa kwanza, nauli ya pili, tamasha la tatu. Na akirudi likizo, aketi na akina mama wa kambini na vikapu vyao, wapige hesabu pamoja ya uzi, ukindu, siku na saa, kabla mnunuzi hajataja bei.