Upande Linakozama Jua

Nimekulia Ujiji, na kila jioni ya utoto wangu jua lilizama Kongo. Tulilitazama kutoka ufukweni likishuka nyuma ya milima ya ng'ambo, mama akituita tuingie ndani kabla mbu hawajaamka. Kwa hiyo Juni 2013, nilipovuka mpaka wa Gatumba na kuingia Kavimvira nikiwa na begi la vipimo, barua mbili zenye mihuri na fomu 300 za maswali, sikujiona kuwa nakwenda ugenini. Ziwa Tanganyika ni lile lile, lugha ni ile ile. Chuo kilinipa jina la mtafiti mgeni, nami nililichukua kama neno la kwenye karatasi tu.

Mji wa Uvira ulinisahihisha siku hiyo hiyo. Nilimwamkia bibi mwenye nyumba shikamoo. Akanyamaza kidogo, kisha akajibu, "Jambo, mwanangu," kwa upole, kama anayenisaidia kushuka ngazi. Dagaa wangu wakawa ndagala. Asante yangu ikarudi ikiwa aksanti. Saa yangu ya mkononi ilikuwa mbele kwa saa nzima. Noti ya dola niliyotoa kwa kodi ya chumba ilirudishwa kwa sababu ilikuwa imechanika pembeni, mpasuko wa upana wa ukucha. Lakini kilichonivuruga zaidi ni jua. Asubuhi lilichomoza ziwani, juu ya milima ya Burundi, na alasiri likajificha mapema nyuma ya mlima uliosimama mgongoni mwa mji. Maisha yangu yote ziwa lilikuwa magharibi. Kwa siku kadhaa nilikuwa nikitoka nyumbani nikielekea kusini huku moyo ukiniambia nakwenda kaskazini.

Ofisi moja ilizuia barua zangu siku nne, kila asubuhi ikidai muhuri mwingine. Zilipotoka, nikateremka ufukweni Kalundu na mzani wangu, nikakuta mitumbwi imevutwa mchangani na nyavu zimeanikwa. Mwezi ulikuwa unakaribia kujaa. Ndagala huvuliwa gizani: taa huning'inizwa juu ya maji, samaki hufuata mwanga, wavu huinuliwa kutoka chini yao. Mwezi ukiwa mpevu mwanga hutapakaa ziwa zima, taa haina la kufanya, na wavuvi hupumzika. Mtoto wa Ujiji gani asiyejua hilo? Nililijua kabla ya kujua kusoma. Lakini ratiba niliiandika Dar es Salaam, mezani, kwa wiki na tarehe, na mezani pale sikukumbuka kutazama mwezi. Niliona aibu, na aibu hiyo ilinifaa, kwa maana siku zile za kungoja giza ndizo zilizonikutanisha na Papa.

Jina lake silitaji. Alikuwa fundi wa miaka mingi katika kituo cha utafiti wa maji cha Uvira, CRH, ambacho asili yake ni IRSAC, taasisi iliyoundwa na Wabelgiji mwaka 1947. Wote walimwita Papa, nami nikamwita hivyo. Yeye aliniita Mama tangu dakika ya kwanza, mimi wa miaka 27 nisiye na mtoto. Kwetu ningedhani ananitania. Kwao ni heshima, na siku ya tatu nikajikuta nimenyooka mgongo kila nikiitwa.

Siku moja alinifungulia chupa ya samaki waliohifadhiwa, akatoa mmoja mwembamba wa urefu wa kidole, akamlaza kiganjani mwangu. "Tazama mdomo." Nilitazama, sikuona kitu. Akamgeuza anikabili uso kwa uso, na hapo nikaona: mdomo ulikuwa umepinda upande wa kulia. Akatoa wa pili. Mdomo wake umepinda kushoto. Huyo ni samaki anayeishi kwa kunyofoa magamba ya wenzake. Aliyepinda kulia huvamia ubavu wa kushoto, na wa kushoto huvamia ubavu wa kulia. Wakizidi wa upande mmoja, samaki wanaowindwa hujifunza kulinda ubavu ule, basi wale wachache wa upande wa pili hushiba na kuzaana, mpaka mizani inageuka tena. Mjapani Michio Hori aliyafuatilia haya kwenye maji haya ya kaskazini kwa zaidi ya miaka kumi, na mwaka 1993 jarida la Science likayachapisha. Wajapani walipiga mbizi kwenye miamba ya pwani hii tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, hadi vita vya 1996 vilipoukumba mji.

"Walikuja wakiwa na swali la samaki wote," Papa aliniambia. "Walikaa ndani ya maji hadi samaki wakawapa swali lingine." Kisha akaniuliza swali langu ni lipi.

Nikamsomea fomu. Swali la tisa lilikuwa moyo wa utafiti wangu: kwa nini mavuno ya ndagala yamepungua? Chini yake visanduku vinne vya kuweka alama: wavuvi wengi, nyavu za macho madogo, kokoro, uchafu wa maji. Papa akatikisa kichwa, hakusema kitu.

Giza liliporudi nilianza kazi. Alfajiri mitumbwi ilirudi, akina mama wenye mabeseni wakiwa wameshafika kabla ya mchuuzi yeyote, ndagala waking'aa kama fedha iliyomwagwa. Nilipima, niliuliza. Na kila nilipofika swali la tisa, mtu wa mtumbwini alinitazama kana kwamba sijaelewa nilichokuja kufanya. "Upepo," walisema. Upepo wa kusini haupigi kama zamani. Sikuwa na kisanduku cha upepo. Niliandika neno hilo kwenye mstari wa chini, "mengineyo", fomu baada ya fomu, nikilihesabu kama la wazee wanaokumbuka ujana wao.

Agosti Papa alinichukua ziwani na mashine ya kamba. Tulishusha chupa ya kuchotea maji hadi meta 200, tukaifunga, tukaipandisha. Nilikuwa nimeshafungua daftari. Akanishika mkono. "Mama, usiandike bado. Sikia harufu kwanza." Nikaweka pua kwenye mdomo wa chupa. Yai viza. Maji yalikuwa meupe, safi kwa macho, na yananuka yai viza.

Nilikuwa nimesoma kwamba chini ya ziwa hili, lenye kina cha meta 1,470, sehemu kubwa ya maji haina hewa ya kumwezesha samaki kuishi. Kusoma si kunusa. Samaki wote tunaowala wanaishi kwenye tabaka jembamba la juu, na chakula chao, yaani rutuba inayolisha mwani, kimelala huko chini kunakonuka. Kinachokipandisha ni upepo. Kuanzia Mei upepo wa kusini huyasukuma maji ya juu yenye joto yaje huku Uvira na Bujumbura. Ukiisha, ziwa lote hurudi kama maji ya beseni uliloliinamisha ukaliachia, na katika kuyumba huko rutuba hupanda kwenye mwanga. Maji ya juu yakizidi joto huwa mepesi, hukataa kuchanganyika na ya chini. Upepo ukipungua, ndiyo kabisa. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake waliandika haya katika jarida la Nature: joto limeongezeka, upepo umelegea, na uzalishaji wa ziwa huenda umeshuka kwa asilimia 20. Makala hiyo niliisoma chuoni, nikaifanyia mtihani, nikafaulu. Miezi miwili mizima Kalundu watu wananiambia jambo lile lile kwa Kiswahili, nami naliweka kwenye mengineyo.

Usiku ule sikulala. Niliwaza Burton na Speke, walioondoka kijijini kwetu Ujiji kwa mitumbwi, wakafika Uvira Aprili 1858 wakitaka kujua jambo moja: mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia? Wana wa chifu wa Uvira wakawaambia unaingia. Mdomo wa mto ulikuwa karibu, wapiga makasia wakakataa kwenda mbele, wakarudi. Ulaya ikaendelea kubishana miaka 13, Burton mwenyewe akilifungua tena swali lililokwisha kujibiwa mbele yake, mpaka Novemba 1871 Livingstone na Stanley walipotoka tena Ujiji, wakaona kwa macho kwamba Rusizi unaingia. Shuleni tulifundishwa kwamba wao ndio walioligundua jambo hilo. Jibu lilikuwa Uvira siku zote.

Asubuhi nilimwandikia msimamizi wangu. Fomu 187 zilizobaki sikuzitumia. Nilinunua daftari la mistari, na swali la tisa likawa la kwanza, bila visanduku: niambie ziwa lilikuwaje ulipoanza kuvua. Niliyoyapata hayakuingia kwenye jedwali kirahisi, na tasnifu ilichelewa mwaka. Sijawahi kujuta.

Nimerudi mara tatu. Karabai nilizozikuta zikipuliza kwa kelele zimepisha taa za sola, nyeupe, kimya, zinazofanya ziwa la usiku lionekane kama mji. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika mjini Uvira, ukaua watu na kubeba nyumba. Mwaka uliofuata ziwa lenyewe lilipanda, na mchanga niliowekea mzani wangu ukawa chini ya maji. Bibi mwenye nyumba alihamia kwa mwanawe, juu zaidi. Nilimkuta nikamwambia jambo, akacheka, akajibu marahaba.

Papa amestaafu. Mwaka huu, mwezi Juni, nilimpigia simu nikiwa Ujiji, ufukweni. Kwangu saa kumi na mbili ya jioni imeshapita, kwake bado. Jua lilikuwa linashuka upande wake. Nilimwuliza hali, wajukuu, goti lake. Kisha nikamwuliza upepo.

"Ngoja, Mama," akasema. Nikasikia kiti kikivutwa, dirisha likifunguliwa. Akaishika simu nje.