Mzee, mti haujafa!

Ndugu, jamaa na marafiki, salaam nyingi kutoka Birmingham. Mnisamehe kwa ukimya, zamu za usiku zimenibana. Leo nawapeni kisa changu na Mzee, maana nasikia huko Mafinga kimeshafika kikiwa na chumvi nyingi.

Novemba mwaka juzi nilipanda vilima vya Lickey, kusini-magharibi mwa jiji. Si milima ya kutisha, Beacon Hill yenyewe haifiki hata mita 300. Njiani nikakuta mti mrefu, umbo la msindano kabisa, una sindano na koni, ila umegeuka njano kuanzia chini hadi kileleni. Sindano zinadondoka kama manyunyu.

Nikampigia Mzee. Mnamjua, ujana wake wote aliumalizia kwenye shamba la miti la Sao Hill. Hakusita: "Msindano ukiwa njano wote, umekwisha. Waambie waukate kabla haujaambukiza mingine." Bado anakumbuka vidukari vilivyoingia Tanzania mwaka 1988 na kukausha misaipresi. Nikakubali. Nani abishane naye?

Aprili nikapita palepale. Jamani! Matawi yamejaa vishungi vya kijani, kila kishungi sindano thelathini hata arobaini, laini kama nywele za mtoto. Ikabidi nisome. Kumbe mti huo unaitwa lachi, kitaalamu Larix decidua. Ni ndugu wa msindano, lakini kila mwaka hupukutisha sindano zote. Kwao ni milima ya Alps, hadi mita 2,000 na zaidi. Huko wakati wa baridi ardhi inaganda, mizizi haipati maji, na sindano zingebaki zingezidi kuukausha mti kwa upepo. Basi mti unavuta kwanza virutubisho kutoka kwenye sindano, zinageuka njano, halafu unaziacha zianguke. Mbao yake ina utomvu na haiozi upesi, mafundi wa boti Scotland waliipenda sana. Uingereza uliletwa karne ya 17, kwa hiyo nao ni mgeni hapa.

Nikamtumia Mzee picha. Akakataa! "Hiyo ni miti miwili tofauti, wamekudanganya." Basi kila mwezi nikawa napanda kilimani kupiga picha ya mti uleule, nimesimama pembeni na jaketi lilelile. Novemba ukawa njano tena. Aprili mwaka huu ukachipua tena. Mzee akacheka kwenye simu mpaka akakohoa. "Haya mwalimu, nifundishe. Unaishi miaka mingapi?"

Nikamwambia kule bonde la Ultental, kaskazini mwa Italia, kuna lachi zinazokadiriwa kupita miaka 800.

Akanyamaza. Kisha akasema: "Basi huo unaweza kukusubiri, mwanangu. Mimi nina themanini na mbili."

Sikuwa na jibu. Mwaka wa saba huu sijatia mguu nyumbani, na kila mwaka nasema mwakani. Mara nauli, mara kazi, mara makaratasi. Sababu zote zilikuwa za kweli, lakini Mzee naye anazeeka kweli. Kesho yake nikaomba likizo.

Tiketi nimeshakata. Desemba, panapo majaliwa, nipo Mafinga. Nilitaka kumletea Mzee walau koni moja aishike mkononi, akakataa katakata. Nilikosea kumsimulia kwamba tangu mwaka 2009 lachi za Uingereza zinashambuliwa na ugonjwa uitwao Phytophthora ramorum, na misitu mizima imekatwa kwa ajili hiyo. "Usiniletee balaa Mufindi. Na viatu ulivyopandia kilimani uvioshe kwanza!"

Basi viatu naviosha. Mama, naomba uniwekee ulezi wa uji. Na wewe Mzee, ukisomewa haya, picha ya mwezi huu inakuja. Mti mzima, mimi mzima. Nisubirini.