Meza Yako ya Hadithi: Barua kwa Mpwa Wangu wa Tunduma

Igamba, Mbozi

Mpwa wangu,

Bibi yako hajambo, ila miguu inamsumbua baridi ikizidi. Kahawa ya bondeni imebeba vizuri mwaka huu. Ya juu, hivyo hivyo.

Mama yako alinipigia simu Jumapili baada ya ibada, hata salamu hakuimaliza. Anasema kila Jumamosi jioni wewe na wenzako mnajifungia chumbani na makaratasi yenye picha za mazimwi na dadu zenye pande nyingi, na siku moja akipita mlangoni alimsikia mmoja wenu akisema, "Mimi mchawi, namlipua kwa moto." Dada yangu ni mzee wa kanisa. Ulitaka afikirie nini? Akaniomba nikuandikie nikukanye. Basi naandika, lakini nia ya kukukanya sina. Nimeuulizia mchezo wenyewe, nimeusoma, na nimeona yapo mambo ya kukuagiza kuliko ya kukukataza.

Hofu ya mama yako usiicheke. Huo mchezo wa Dungeons & Dragons ulitoka Marekani mwaka 1974, ukabuniwa na Gary Gygax na Dave Arneson, watu waliozoea kupigana vita vya mezani kwa vijisanamu vya askari. Miaka ya 1980 wazazi na wahubiri wa hukohuko Marekani waliupigia kelele kwamba unawaingiza watoto kwenye ushetani. Hata tamthilia ya Stranger Things, ambako nina hakika ndiko mlikoutoa, msimu wa nne inaonyesha jambo hilo: mji unamgeuka Eddie, kijana anayeongoza mchezo, na kumsaka kwa madai kwamba anamwabudu shetani. Mama yako hajaiona, na hata angeiona isingemsaidia. Kitakachomsaidia ni kuuona mlango uko wazi. Hamisheni meza sebuleni. Mpe kiti, mpe chai, aone kwamba huyo mchawi wenu ni fundi simu wa stendi anayekuna kichwa akijumlisha namba, na kwamba zimwi linauawa kwa hesabu. Kama lipo jina la pepo linalomkera, libadilisheni. Mchezo haupungukiwi kitu.

Sasa nikuambie kwa nini niko upande wako. Wewe ulipata akili kibanda changu kimeshafungwa, ndiyo maana unanijua kama mtu wa kahawa tu. Miaka ya 2000 mwanzoni mimi na mwenzangu tulikuwa na kibanda umiza hapa Igamba: mabenchi ya mbao za mlingoti, madirisha yamezibwa kwa magunia ya kahawa, televisheni ndogo juu ya meza ndefu, jenereta nje limefungwa mnyororo kwenye mti. Tulionyesha Commando ya Schwarzenegger, Rambo, Jet Li, na picha za Kihindi siku za soko kwa sababu akina mama nao walikuwa wanaingia. Watu walijaa, lakini walikuja kuangalia ngumi. Steringi akianza kuongea, na wao wanaanza kuongea. Huyu anauliza bei ya mbolea, yule anatoka kuvuta sigara. Zikirudi ngumi, wanarudi.

Kisha zikatufikia kazi za Lufufu. Jina lake halisi Derek Gaspar Mukandala, Kapteni Mukandala. Alikuwa anaichukua picha ya kigeni na kuisimulia kwa Kiswahili juu yake, sauti zote za kwake: ya jambazi, ya mtoto, ya mwanamke anayelia. Katikati anakuchomekea na maelezo ambayo mwongozaji wa picha hakuyawaza. Kibanda kikanyamaza. Nilimwona mzee mmoja wa hapa, mkali, asiye na utani na mtu, anafuta machozi kwa kofia kwenye picha ya Kihindi tuliyokwisha kuionyesha zamani yeye akiwa amelala kwenye benchi la nyuma. Picha ilikuwa ileile.

Tangu hapo msimamo wangu ni mmoja: picha au gemu ikikosa msimulizi katikati ya watu, imefika nusu. Kenya wana DJ Afro. Uganda wana ma-VJ wao. Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa pesa ambayo hapa haitoshi kufanyia harusi, na kilichofanya watu wa nchi za mbali waicheke na kuipenda ni sauti ya VJ Emmie juu yake, maana anashangilia kuliko watazamaji wenyewe. Kwenye meza yenu msimulizi ni wewe. Mama yako anaona mchezo wa kitoto. Mimi naona kazi, na kazi ina masharti yake.

Upande wa gemu nina mapenzi yangu na chuki zangu. Nilianzia kwenye ile mashine ya kaseti ya njano iliyoandikwa kwamba ina gemu 9999. Ukizifuatilia ni Contra, Mario na wenzao wachache wanaojirudia kwa majina mapya. Wizi mtupu. Lakini Contra ya watu wawili ilipatanisha hata waliokosana, kwa sababu msipokwenda pamoja hamfiki mbali. Gemu za mpira hazinikai. Wanaozicheza vibandani wanatazama matokeo, mchezo hawauoni, na hapohapo ndipo kubeti kunapojipenyeza. Hilo ndilo pekee nakukataza kabisa: pesa isiwekwe kwenye meza yenu, hata kwa kuwekeana soda.

Gemu inayoniuma ni GTA San Andreas. Ilitoka mwaka 2004 na imechezwa Mlowo, Vwawa na huko kwenu mpaka padi zikaisha maandishi. Wewe mwenyewe ulikuwa na daftari la namba za siri: za kuleta kifaru, za kuleta ndege, za kuondoa polisi. Nilikuuliza huyu CJ ametokea wapi, ukanijibu, "Ni muhuni tu, mjomba." Sivyo. Hadithi inaanza CJ anarudi nyumbani kutoka mji wa mbali kwa sababu mama yake ameuawa, na kabla hajafika msibani polisi wanamsimamisha, wanachukua pesa zake na kumtelekeza kwenye mtaa wa maadui zake. Mtu yeyote aliyewahi kupokea simu ya msiba akiwa mbali angeikalia kimya hadithi hiyo. Ninyi mliipita mkitafuta kifaru, kwa sababu imeandikwa kwa Kiingereza cha mitaa ya Marekani na hapakuwa na mtu wa kuwaambia.

Hilo linanileta kwenye maoni yako. Pasaka, tukila hapa barazani, ulituambia kwamba Bongo Movie ni takataka na Vuta N'kuvute inalaza. Maoni ni yako, siyapokonyi. Ila mtu anayesimulia watu hadithi asihukumu kwa neno moja kisha akaomba chumvi. Onyesha ni wapi ilipokufa. Mimi nakuonyesha Bongo Movie inapokufa: getini. Gari linapiga honi, mlinzi anakuja taratibu, anafungua geti, gari linaingia, mlinzi anafunga geti, bosi anashuka, anavua miwani, anaangalia nyumba yake mwenyewe. Yote hayo, enzi za CD, yalikuwa ili picha ijae CD mbili, mnunuzi alipe mara mbili. Huo ni uchuuzi. Lakini marehemu Steven Kanumba alipokuwa amekaa anamsikiliza mwenzake, haongei, anapokea maneno tu usoni, hapo hukuti takataka. Alipofariki Aprili 7, 2012, akina mama wa huku ambao hawajawahi kufika Dar es Salaam walishinda kwenye redio.

Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, iliyotoka kwenye riwaya ya Adam Shafi, inakwenda polepole kwa makusudi. Ni Zanzibar ya miaka ya 1950; Yasmin ameikimbia ndoa aliyopangiwa, Denge anapigania uhuru, na hawa wawili kuonekana pamoja ni hatari. Mapenzi ya kujificha yatakwendaje mbio? Tanzania ilikuwa haijapeleka picha kugombea Oscar tangu Maangamizi ya 2001. Ilipopeleka tena, ilipeleka hiyo. Iangalie upya simu ikiwa mfukoni. Baada ya hapo ukisema inalaza, nitakusikiliza.

Turudi mezani kwako. Hadithi unayoiandaa waachie wenzako nafasi ya kuiharibu. Lufufu hakuwa na namna, mwisho wa picha ulikuwa umeshapigwa kabla hajaketi kwenye kipaza sauti. Wewe unayo. Umewaandalia mlango wa mashariki, wao wakaamua kutoboa ukuta wa magharibi: watoboe. Msimulizi anayewakokota wachezaji mpaka kwenye mwisho alioupenda yeye afadhali awashe televisheni.

Na dadu ikishatua, imetua. Katika sehemu ya kwanza kabisa ya Stranger Things, Will, mmoja wa watoto walioketi mezani, anahitaji 13 au zaidi. Dadu inadondoka sakafuni katikati ya makelele, mama mwenye nyumba anawafukuza, na Mike, msimulizi wao, haioni namba. Ilikuwa 7. Will angeweza kunyamaza, Mike asingejua. Wakiwa nje wanaagana anamwambia Mike kwamba ilikuwa saba na zimwi limempata. Mapigano yote ya misimu iliyofuata, pamoja na gharama zake, naona hayajafikia pale. Ukimwona mchezaji wako anageuza dadu kwa kidole, msimamishe siku hiyohiyo, hata akiwa rafiki yako wa kufa na kuzikana.

Mazimwi ya Kizungu hayanisumbui, hata sisi tuna ya kwetu. Kinachonisumbua ni kuwasikia mnazunguka kwenye majumba ya mawe yenye theluji wakati hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuikanyaga, kwa hiyo hamjui mguu unateleza vipi. Anzeni huku. Pale Ndolezi kimelala kimondo cha Mbozi, karibu chote chuma, urefu wake mita tatu hivi, uzito unakadiriwa kuwa tani 12 au zaidi, na ulipokuwa shule ya msingi ulikipanda ukapigwa picha. Wanyiha walikuwa wafua chuma. Waliyeyusha mawe ya chuma kwenye matanuri yao tangu kabla Wamoravian hawajafungua misheni Mbozi mwaka 1899. Weka hadithi yako miaka hiyo. Yupo mhunzi mwenye siri ya tanuri na hana mtoto wa kumrithisha. Upo msafara unaopita na mzigo usiojulikana. Mto Momba umefurika, daraja hakuna.

Mchezaji akikuambia anavuka, usimruhusu arushe dadu kwanza. Muulize anavuka na nini. Mzigo kaufunga wapi? Nani anatangulia, na kamba kaishika nani? Akishajibu hayo, ndipo dadu ya pande 20 inakuwa na uzito. Ikitoka 3, mzigo umeondoka na maji kuelekea Ziwa Rukwa, na kila aliyeketi anajua ndani yake kulikuwa na nini. Huko ndiko kusimulia. Kusema "umeshindwa, zamu ya mwingine" hata simu inaweza.

Vitabu vya bei msinunue. Januari 2023 wenye mchezo waliachia sehemu kubwa ya kanuni itumike bure. Chapisheni kurasa mnazohitaji, nyingine mjitungie. Chezeni kwa Kiswahili, na panapokuwa patamu ingizeni Kinyiha au Kinyamwanga. Tena mmejaa wavulana watupu. Binti yangu hapa anasimulia tamthilia za Kituruki kwenye kupukuchua mahindi mpaka magunia yanajaa hakuna aliyechoka. Msimwache nje kwa sababu hajui kushika padi. Na saa nne usiku mfunge, muondoke wakati bado mnataka kuendelea, maana mwenzenu wa stendi anafungua asubuhi.

Nimezungumza na mama yako. Amekubali kuja kuketi mezani Jumamosi hii kwa sharti kwamba sala ya kufungua aiongoze yeye. Mkubalie. Ukipata likizo Desemba njoo na dadu zako huku, nimeshajichagulia mhusika: mchuuzi wa chumvi, mwoga, lakini njia zote za kutoka Rukwa anazijua. Silaha usinipe, nipe punda.

Mjomba wako,
Igamba