Mpira, Kulabu na Tawakali

Mpwa wangu huunda ndege ndogo za kurushwa kwa rimoti, na kila anapokwenda uwanjani huzifunga nyuma ya pikipiki kwa mipira yenye kulabu. Ni jambo dogo, lakini lina adabu yake. Mabawa ya ubao mwepesi hayavumilii kubanwa. Hutolewa, yakazungushiwa kitambaa na kulazwa sandukuni. Mpira hupita juu ya sanduku, wala si juu ya ndege. Betri hufungwa peke yake, ncha zake zimezibwa zisigusane.

Linalonitia hofu ni kulabu. Mpira uliovutwa mno, au uliochakazwa na jua letu la Pwani, hufyatuka ghafla, na kulabu ikilipata jicho yaweza kulipofua. Hivyo nimemuusia aukague kabla ya kuuvuta, autupe ukiwa na nyufa, aepushe uso anapoufunga, na wadogo wasimame mbali.

Mtu mmoja alipomuuliza Mtume (S.A.W.) iwapo amfunge ngamia wake au amwache huru na kutawakali, aliamrishwa amfunge, kisha atawakali. Basi tahadhari si upungufu wa imani. Jicho la mtoto ni amana, nasi walezi tutaulizwa.